Fundi wa roboti za kilindini hufanya nini hasa, na mtu huingiaje?

Swali la msomaji: "Nina stashahada ya umeme na elektroniki, na kwa miaka minne nimekuwa nikitengeneza pampu na paneli za kuendeshea mashine. Nimetazama video ya roboti ikiokota sampuli kwenye sakafu ya bahari, na tangu siku hiyo sina utulivu. Kazi ya fundi wa mashine hizo ni ipi hasa? Mtu asiye na digrii anaweza kuingia? Nianzie wapi, wakati hapa nilipo hakuna roboti hata moja? Wapo wanaoniambia roboti zinazojiendesha zitaiua kazi hii kabla sijaifikia."

Jibu:

Nianze na pampu, kwa kuwa umezitaja kama mtu anayeomba radhi. Mtu aliyefungua pampu akakuta sili, ile pete ya kuzuia kuvuja, imeliwa, kisha kabla ya kuweka mpya akakaa chini kutafuta kilichoila ile ya kwanza, huyo tayari anafanya nusu ya kazi unayoiulizia. Mimi nimeifanya miaka mingi, kwanza kwenye deki za meli za utafiti, baadaye kwenye karakana ya vihisi, yaani vifaa vya kupimia. Mafundi hodari niliokutana nao humo wengi walitokea kwenye jenereta, redio, magari na mashine za viwandani.

Ili uelewe fundi anashindana na nini, jua kwanza kule chini kukoje. Kila mita 10 unazoshuka, maji yanaongeza uzito wa takriban kilo moja juu ya kila sentimita mraba. Ukucha wa kidole chako cha mwisho una eneo la karibu sentimita mraba moja. Kwenye mita 4,000, kina cha kawaida kabisa katika bahari kuu, ukucha huo ungebeba kilo 400 hivi. Katika Challenger Deep, shimo lenye kina kuliko yote duniani, karibu mita 10,900, ungebeba zaidi ya kilo 1,000. Maji ya huko ni baridi, mara nyingi nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi, na mwanga wa jua haufiki. Mawimbi ya redio hufa karibu papo hapo yakiingia maji ya chumvi, kwa hiyo hakuna simu, hakuna GPS, hakuna rimoti. Kinachosafiri vizuri ni sauti, nayo huenda kama mita 1,500 kwa sekunde: ujumbe kwa mashine iliyo mita 4,500 chini yako huchukua sekunde 3 kufika, na jibu lake sekunde 3 nyingine kupanda.

Hali hiyo ndiyo iliyozigawa roboti hizi. Kuna za kebo, kama Jason ya taasisi ya Woods Hole huko Marekani, Victor 6000 ya Ufaransa na Isis ya Uingereza. Umeme hushuka kwa kebo, picha hupanda kwa nyuzi za fiba zilizomo ndani ya kebo hiyohiyo, na rubani hukaa melini mbele ya skrini akiendesha mikono na mota za mashine. Kuna zisizo na kebo, kama Sentry, pia ya Woods Hole, zinazobeba betri zao na kufuata mpango ziliopewa kabla ya kuachiwa majini. Pembeni ya hizo kuna vyombo vya kuburutwa, vyombo vya kukaa sakafuni kwa miezi, na maboya yanayozama na kuibuka yenyewe. Fundi mmoja anaweza kuvishika vyote katika safari moja.

Ulichokiona kwenye video ni roboti ikiwa chini. Kazi ya fundi iko juu, kabla haijashuka, na sehemu yake kubwa ni kuzuia maji yasiingie mahali yasipotakiwa.

Elektroniki za roboti hukaa ndani ya makopo mazito ya titani, alumini au kauri, na kila kopo lina kifuniko, na kila kifuniko kina oringi, ile pete ya mpira unayoijua tangu kwenye pampu zako. Ufanyaji kazi wake unanifurahisha hadi leo. Maji yanapoisukuma, pete hulala upande mmoja wa mfereji wake na kuzidi kubana. Kadiri mgandamizo unavyopanda ndivyo inavyoziba vizuri. Ndiyo maana kopo lililofungwa vibaya mara nyingi huvuja kwenye mita chache za mwanzo, pale pete ilipokuwa bado haijakalia mahali pake, na wala si kule chini kabisa ambako wageni hudhani ndiko kwenye hatari yote. Kwa hiyo fundi husafisha mfereji kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, huuangaza kwa tochi na kuukagua kwa kioo cha kukuza, huipitisha pete taratibu kati ya vidole akitafuta mkwaruzo, kisha huipaka grisi kidogo sana, kiasi cha kuing'arisha tu. Grisi haizibi maji. Kazi yake ni kuiwezesha pete iteleze bila kujipinda, na ikizidi hugeuka gundi ya kunasa mchanga. Baada ya kufunga, hewa ya ndani ya kopo hunyonywa kwa pampu, kipimo kikaachwa na kusomwa tena baada ya muda. Kikianza kurudi, kopo linafunguliwa na kazi inaanza upya.

Nikueleze kilichonipata. Roboti yetu ilikuwa mita 2,800 chini, saa nane usiku, watafiti wanakusanya sampuli, wakati kipimo cha ukinzani wa insulesheni kilipoanza kuporomoka kwenye skrini. Hiyo maana yake umeme umepata njia ya kwenda kwenye maji ya chumvi. Msimamizi wa zamu alizima vifaa kundi kwa kundi mpaka tukajua tatizo liko kwenye vifaa vya upande wa kushoto, kisha akafungua daftari. Kopo la kamera ya upande huo ndilo lililofungwa jioni ile, na sahihi ilikuwa yangu. Kupandisha mashine kulichukua zaidi ya saa moja na nusu. Nilipofungua kifuniko nilikuta maji kama kijiko kimoja, na juu ya oringi uzi mmoja wa pamba, mwembamba kuliko unywele, umelala kuvuka pete. Kitambaa changu kisichotoa nyuzi kilikuwa kimeisha, nikatumia cha kawaida, nikajiambia mara hii haidhuru.

Kazi ya usiku mzima ilipotea na kamera ikafa. Lakini nataka ulione jambo la daftari. Kwa sababu nilikuwa nimeandika saa, kopo na jina langu, kulitafuta tatizo kulichukua dakika kumi. Kama nisingeandika, tungefungua makopo kumi na mawili mazima, na kila kopo unalolifungua deki ikiwa na rasharasha za chumvi ni kopo unaloweza kulifunga vibaya. Asubuhi yake niliongeza mstari mwingine: nimetumia kitambaa cha kawaida. Ulikuwa mstari mgumu kuuandika. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika kazi hii fundi anayeficha anawaumiza wenzake, maana mtu wa zamu inayofuata ataiamini mashine kwa kadiri ulivyomwambia ukweli kuihusu.

Si kila kitu hufungwa kwenye kopo kavu. Masanduku ya maungio ya waya, mota na transfoma nyingi hujazwa mafuta, na sanduku huunganishwa na mfuko au pistoni yenye springi inayoyasukuma mafuta yawe na mgandamizo uliozidi wa maji ya nje kidogo tu. Mgandamizo wa ndani na wa nje ukilingana, sanduku halihitaji kuta nene, na likitoboka mafuta hutoka badala ya maji kuingia. Ukiona mafuta yanapungua, umepewa onyo mapema. Kazi ngumu hapa ni kutoa hewa. Kiputo kilichobaki kwenye kona hugandamizwa hadi kutoweka, mafuta yanajaza nafasi yake, na akiba ya mfuko inapungua bila wewe kujua. Tena si kila kipande cha elektroniki kinavumilia kuogelea kwenye mafuta yenye mgandamizo wa namna hiyo. Kapasita za kopo la alumini, zile unazozibadilisha kila siku kwenye paneli zako, zina nafasi tupu ndani na huweza kubonyea. Fundi anayeijua bodi yake huziondoa mapema na kuweka za kauri.

Konekta zinastahili aya yao. Nikihesabu hitilafu nilizozishughulikia, konekta na waya zake zinazishinda zingine zote. Mtu huvuta waya badala ya kushika kichwa cha konekta. Mtu huingiza kwa kuzungusha, pini ikapinda. Mtu huacha konekta wazi deki kwa dakika tano, upepo ukaiweka chumvi. Huwa nazifunika hata ninapokwenda kuchukua spana tu, na vijana waliokuwa chini yangu walinichoka kwa hilo.

Kutu nayo ina tabia zake majini. Ukifunga skrubu ya chuma cha pua kwenye alumini na kuviweka kwenye maji ya chumvi, umetengeneza betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Hata chuma cha pua chenyewe hulika kwenye mianya ambako maji yamesimama bila oksijeni, kwa mfano chini ya oringi. Metali hizo hutenganishwa kwa bushi za plastiki, mashine hufungiwa vipande vya zinki vinavyoliwa badala ya mwili wa mashine, na kila kinachorudi juu huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya mtu yeyote kwenda kula.

Kwenye deki penyewe usiwe na haraka ya ushujaa. Roboti kubwa ya kebo ina uzito wa tani kadhaa, na inaponing'inia kwenye fremu ya nyuma ya meli huku meli inayumba, inageuka nyundo ya kuvunja mifupa. Kebo yake hubeba volti elfu kadhaa. Kabla ya kugusa chochote, umeme unazimwa, swichi inafungwa kwa kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwa yule mwenye mikono ndani ya mashine. Wewe umetoka kwenye paneli, hilo unalijua. Melini linafuatwa bila kujadiliana, hata kama mtafiti mkuu amesimama pembeni akitazama saa.

Sasa vihisi, ambako ndiko moyo wangu ulikohamia. Mwaka 1977, karibu na Galápagos, chombo cha kuburutwa kiitwacho ANGUS kilipita juu ya sakafu ya bahari kikipiga picha kwenye kina cha mita 2,500 hivi. Kwa saa nyingi kipimajoto chake hakikuonyesha jipya. Kisha kwa muda mfupi joto likapanda kidogo, likashuka tena. Filamu iliposafishwa, kati ya picha zipatazo 3,000 ni 13 tu zilizoonyesha kitu cha ajabu, chaza na kome wamejazana kwenye miamba isiyo na mwanga, na picha hizo zilikuwa za dakika zilezile joto lilipopanda. Ndivyo zilivyogunduliwa chemchemi za moto za kilindini na viumbe wanaoishi bila kutegemea jua. Kuna fundi aliyeandaa kipimajoto kile na kuhakikisha saa yake inakwenda sawa na saa ya kamera. Bila saa hizo kulingana, nani angejua picha ya kuanza nayo?

Kihisi kinachovuja hufa na kila mtu anajua. Kinachonitisha ni kile kinachoendelea kusoma huku kimehama kidogo kutoka kwenye kipimo cha kweli. Maboya ya Argo, karibu 4,000 katika bahari zote, mengi yao hushuka hadi mita 2,000 na kupanda kila siku 10 hivi yakipima joto na chumvi. Mwaka 2006 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba tabaka la juu la bahari lilipoa kati ya 2003 na 2005. Mwaka uliofuata waliyasahihisha wenyewe: sehemu ya maboya ilikuwa ikiandika joto kwenye kina kisicho chake, na vile vipimajoto vya kutupwa mara moja kutoka melini navyo vilikuwa vikizidisha joto kidogo. Bahari haikuwa imepoa. Heshima yangu kwa watafiti wale ni kubwa, kwa kuwa walirudi hadharani. Maboya yenye kasoro yaliweza kutengwa na mengine kwa kuwa boya halitupwi majini bila kumbukumbu ya aina yake na vihisi vyake. Daftari tena.

Kwa hiyo fundi wa vihisi huishi katika tarakimu ndogo. Kipimo kizuri cha joto la bahari kuu hutakiwa kuwa sahihi hadi karibu sehemu moja ya elfu ya nyuzi, kwa sababu mabadiliko yanayotafutwa kule chini yenyewe ni madogo. Chumvi hupimwa kwa kupitisha umeme kwenye maji yaliyo ndani ya mrija mwembamba wa kioo, na ukungu wa mafuta ya vidole au utando wa viumbe wadogo ndani ya mrija unatosha kupotosha jibu. Mrija huo husuuzwa kwa maji safi kila baada ya kutumika na haupaswi kuachwa ukakaukia chumvi. Kamwe usiingize brashi ndani yake, hata uone uchafu kwa macho. Kihisi hupelekwa kalibresheni, yaani kulinganishwa na kipimo cha uhakika, kabla ya safari na tena baada yake, ili ijulikane kimehama kiasi gani. Wengi huiruka hiyo ya pili wakiona safari imekwisha, nami nimegombana na watu wazima kwa ajili yake.

Mashine hupotea pia, na ni haki ulijue hilo kabla hujaingia. Kaiko ya Japani, iliyofika Challenger Deep mwaka 1995, ilipotea mwaka 2003 baada ya kebo yake kukatika. Nereus ya Woods Hole ilipotea Mei 2014 ikiwa karibu mita 9,900 chini kwenye Mfereji wa Kermadec, kaskazini mashariki ya New Zealand. Inaaminika tufe lake mojawapo la kauri lilipasuka kwa ndani na mengine yakafuata. Huwezi kuziokoa zote. Unachoweza ni kupima vifaa vya kujiokoa kwa bidii ileile unayoipimia kamera: uzani unaoachiwa ili mashine ielee, kiungo cha chuma kinacholiwa na umeme ndani ya maji ya chumvi mpaka kikatike, taa ya kumulika juu ya maji, kifaa cha kutoa sauti. Hakuna mtafiti atakayekuuliza habari zake. Vinahitajika siku moja tu.

Waliokuambia roboti zinazojiendesha zitaiua kazi wana kipande cha ukweli. Kazi ya kushika usukani inabadilika, na tayari marubani wengine huendesha mashine za kebo wakiwa nchi kavu kwa njia ya setilaiti. Lakini roboti isiyo na kebo haijifungi oringi. Inarudi na betri za lithiamu zinazohitaji mtu anayeziogopa inavyostahili, inarudi na kihisi kilichohama, na meli moja sasa inaweza kuachia kadhaa badala ya moja. Tofauti ni kwamba hakuna mtu anayeitazama ikiwa chini, kwa hiyo kuelewa kilichotokea kunafanyika baadaye kwa kusoma mafaili iliyoyaandika. Hapo ndipo ningekuhimiza uongeze nguvu: jifunze Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, ya kutosha kutembea kwenye mashine bila kipanya, Python, lugha ya programu, ya kutosha kufungua faili la mistari laki moja na kuchora grafu ya volti dhidi ya kina, na mawasiliano ya vifaa kwa waya za siriali na Etheneti. Huhitaji kuwa mwanaprogramu. Unahitaji kuweza kuona mahali ambapo namba zilianza kwenda kombo.

Kuhusu digrii: hapana, si lazima, na stashahada yako yenye miaka minne ya kazi ina uzito. Milango iko mitatu. Ulio mpana zaidi ni kazi za viwanda baharini, yaani mafuta na gesi, mitambo ya upepo na nyaya za mawasiliano. Huko kampuni nyingi hufuata mwongozo wa ngazi wa IMCA, chama cha kimataifa cha wakandarasi wa baharini, ambako mtu huanza kama rubani na fundi wa daraja la pili, hupanda daraja la kwanza, kisha msimamizi, kwa kuonyesha uwezo na saa alizoendesha mashine. Wa pili ni taasisi za utafiti, zenye nafasi chache, lakini kazi yake ina mambo mengi tofauti na mtu hujifunza kila kitu. Wa tatu husahauliwa: viwanda na karakana zinazotengeneza na kupima vihisi, konekta na makopo. Kama familia yako haiwezi kuvumilia wewe kuwa mbali wiki nyingi mfululizo kwa zamu za saa 12, mlango wa tatu ni mzuri, na hauna aibu yoyote.

Utahitaji cheti cha afya cha kwenda baharini na mafunzo ya kuokoa maisha. Kwa meli huwa ni yale ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, na kwa mitambo ya mafuta mara nyingi ni BOSIET, ambamo utafungwa mkanda kwenye mfano wa helikopta, izamishwe bwawani, utoke mwenyewe. Uogeleaji wa mashindano hauhitajiki. Kuogopa kuzama kichwa ndiko kutakusumbua, kwa hiyo lianze hilo mapema. Kichefuchefu cha bahari huwapata hata waliozeeka melini, na hakijawahi kuwa sababu ya mimi kumkataa mtu.

Tafadhali jihadhari na mtu anayedai fedha ili akupatie kazi melini. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza mawakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia ajira, na hata pale ambapo fundi wa roboti hahesabiwi kuwa baharia, tumia kipimo hichohicho. Kozi fupi za urubani nazo zipo nyingi na ni ghali. Usilipie yoyote kabla ya kuwauliza waajiri unaowalenga kama wanaitambua, na ikiwa fedha ni za kozi moja tu, mimi ningezipeleka kwenye haidroliki au uungaji wa fiba kabla ya kozi ya kushika usukani.

Na wapi uanzie bila roboti? Pata kipande cha bomba nene na vifuniko viwili vyenye mifereji ya oringi. Mchongaji yeyote mwenye mashine ya lethi anaweza kukuchongea. Weka karatasi kavu ya shashi ndani, funga, nyonya hewa kwa pampu ya mkono yenye geji, andika kipimo, subiri saa moja, andika tena. Kisha kizamishe kwenye pipa la maji kwa wiki moja kikiwa na jiwe. Ukikiona kikavu, kifungue, laza unywele mmoja kuvuka pete, funga, rudia kipimo cha geji. Fanya hivyo kwa grisi nyingi, kwa pete yenye mkwaruzo, kwa kifuniko kilichokazwa upande mmoja. Ukimaliza, tengeneza kipimajoto chako kwa bodi ndogo ya elektroniki, kiweke ndani ya barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji safi, ambayo inakupa nyuzi 0 bila kununua chombo cha kalibresheni, na ukisome kila wiki kwa miezi mitatu. Utaona kama kinahama. Kuna pia programu huria ya ArduSub ya kuendeshea roboti ndogo za majini, unayoweza kuijaribu kwenye kompyuta bila kuwa na roboti, na kuna mashindano ya MATE ROV yanayokutanisha wanafunzi wa nchi nyingi. Kama chuo chako cha zamani kina vijana wanaotaka kujenga mashine, jitolee kuwa fundi wao mkongwe.

Yote hayo yaandike katika daftari moja, kwa tarehe, pamoja na kurasa ambazo mambo yaliharibika na ulichodhani ndicho chanzo kabla hujakijua chanzo chenyewe. Siku ya usaili lipeleke. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo mara nyingi, na vyeti huwa navisoma kwa dakika mbili. Daftari la namna hiyo ningeomba nibaki nalo mpaka kesho yake.